Si kila matege ni ya maji

Mtoto mwenye matege akipita Usa River au Maji ya Chai, huku Arumeru mkoani Arusha, hakuna anayeshangaa. "Ni maji hayo," watu husema, na mazungumzo yanaishia hapo. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Miamba ya volkano ya Mlima Meru imejaa madini ya floraidi, na maji yanayopenya humo hadi kwenye visima na chemchemi hutoka nayo. Mtoto anayeyanywa tangu alipoachishwa ziwa huharibika meno, na floraidi ikizidi sana mifupa nayo inafuata. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na Arumeru kuna vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.

Ila jibu likishazoeleka hivyo, linafunika majibu mengine. Mimi nilizaliwa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, tukahamia Usa River nikiwa mdogo, na miguu yangu ilikuwa imeshapinda kabla hatujafika huko. Bado kila aliyeniona alisema ni maji. Matege yangu nimerithi kwa baba, naye aliyarithi kwa mama yake. Hata ningelelewa kwa maji ya mvua peke yake, yangenipata vilevile.

Madaktari huuita ugonjwa huu XLH, yaani upungufu wa fosfeti unaorithiwa kupitia kromosomu X. Makadirio yanayotumika sana ni mtu mmoja kati ya 20,000. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anaweza kufanya kazi hadi astaafu bila kukutana nao, au akutane nao asiutambue, kwa sababu kwa macho unafanana na mambo matatu au manne ambayo ameyaona mara nyingi. Naomba tuyapitie hayo kwanza, maana huko ndiko watoto wengi wanakopotelea.

Kuna matege ambayo si ugonjwa. Karibu kila mtoto anayeanza kutembea ana miguu iliyojipinda kidogo kwa nje. Kufikia miaka miwili hunyooka, kwenye mitatu au minne magoti huanza kugusana, na kwenye saba hivi miguu hukaa sawa. Mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu asikimbilie kuogopa. Kinachotakiwa kumshtua ni mguu unaozidi kupinda wakati wenzake wananyooka, au mguu mmoja uliopinda kuliko mwingine. Huo wa upande mmoja unaweza kuwa ugonjwa wa Blount, unaopinda muundi chini tu ya goti, hasa kwa watoto wazito waliowahi kutembea.

Yapo matege ya kukosa vitamini D au kalsiamu. Mtoto anayeshinda ndani, au anayekuzwa kwa uji wa mahindi mtupu bila maziwa wala dagaa, mifupa yake hubaki laini. Hawa wana bahati moja: wakipewa vitamini D na kalsiamu wanapona, na ndani ya miezi mitatu hivi picha ya eksirei huonyesha mifupa ikianza kujijenga.

Na yapo ya maji, niliyoanza nayo. Alama yake kubwa ni kwamba hayachagui nyumba. Watoto wa majirani wanaochota chanzo kimoja wana meno ya kahawia, wengine yametoboka vishimo vishimo, na waliopinda miguu hawana undugu wowote. Hapa niseme jambo moja linalowaponza wengi: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwenye sufuria, floraidi inabaki palepale, na kila lita iliyobaki inakuwa na floraidi nyingi zaidi. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka nayo yamebeba floraidi, kwa hiyo familia inaweza kubadilisha maji na bado ikawa inamlisha mtoto floraidi kila siku jioni.

Sasa XLH. Mfupa una nyuzi za protini, halafu una madini yanayozishika nyuzi hizo zikawa ngumu. Fikiria nondo na zege. Madini hayo ni kalsiamu na fosfeti, na ni lazima yote mawili yawepo. Kwetu sisi nondo zimesukwa vizuri, ila zege linakosa fosfeti, kwa hiyo haligandi sawasawa. Mtoto akianza kusimama na uzito kushuka miguuni, mfupa unapinda.

Fosfeti hiyo hatuikosi kwenye chakula. Iko kwenye maharage, nyama, maziwa, dagaa, karibu kila kinachoingia chunguni. Tunaipoteza kwenye mkojo. Seli za mifupa hutengeneza homoni inayoitwa FGF23, ambayo kazi yake ni kuziambia figo zitoe fosfeti iliyozidi. Kuna jeni inayoitwa PHEX ambayo kwa mtu mwenye afya huifanya homoni hiyo isizidi. Kwetu jeni hiyo ina hitilafu, homoni inazidi, na figo zinamwaga fosfeti usiku na mchana hata kama damu haina ya kutosha. Homoni hiyohiyo inazuia figo kuiamsha vitamini D ifanye kazi, kwa hiyo utumbo nao unanyonya fosfeti kidogo. Unapungukiwa pande zote mbili.

Daktari Fuller Albright wa Boston alieleza mwaka 1937 habari za mtoto ambaye matege yake hayakusikia vitamini D ya kawaida. Jeni yenyewe ilipatikana 1995, na homoni ya FGF23 ikajulikana mwaka 2000. Kabla ya hapo madaktari walikuwa na jina la ugonjwa bila kujua unavyofanya kazi, na wagonjwa wengi walipewa vitamini D kwa vipimo vikubwa mno. Baba yangu ni wa kizazi hicho. Alichomwa sindano za vitamini D utotoni na miguu haikubadilika.

Kosa hilo bado linafanyika. Mtoto mwenye matege anaandikiwa vitamini D, haoni nafuu, anaongezewa, haoni nafuu, anaongezewa tena. Vitamini D ikizidi mwilini hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo. Mtoto akishatumia dawa kwa kipimo sahihi miezi mitatu na eksirei haijaonyesha dalili ya kupona, cha kufanya ni kupima upya, si kuongeza dozi.

Na kupima kwenyewe kuna mtego. Kalsiamu hupimwa mara nyingi, fosfeti mara chache, na mwenye XLH kalsiamu yake kwa kawaida ni nzuri. Kwa hiyo majibu yanarudi safi kwa sababu kilichopungua hakikupimwa. Hata fosfeti ikipimwa, kuna hatari ya pili. Mtoto anayekua anahitaji fosfeti nyingi kwenye damu kuliko mtu mzima. Mtu mzima akiwa na 0.9 kwa kipimo cha milimoli kwa lita yuko sawa. Mtoto wa miaka miwili mwenye 0.9 ana upungufu, kwa sababu yeye alitakiwa awe juu ya 1.2. Mashine ya maabara ikiwa imewekewa viwango vya watu wazima, inachapa kwamba mtoto huyo hana tatizo. Karatasi ya kwanza ya kwangu iliandikwa hivyo. Haikuwa na alama yoyote ya hatari, na mama aliikunja akaiweka kwenye Biblia kama ushahidi kwamba mwanawe hana ugonjwa. Mzazi anayesoma hapa, ukipewa majibu ya fosfeti, uliza kwa upole kabisa: "Daktari, kiwango hiki ni cha umri wa mtoto wangu?"

Kipimo kinachokata mzizi wa fitina ni kupima damu na mkojo asubuhi ileile, kabla mtoto hajala, kisha kulinganisha. Fosfeti ikiwa chini kwenye damu huku figo zikiendelea kuimwaga kwenye mkojo, chakula hakina kesi. Kimeng'enya cha alikalini fosfatezi, ambacho hupanda damuni mifupa ikishindwa kuwa migumu, nacho kinakuwa juu. Kupima jeni ni jambo zuri pale linapowezekana, ila dawa haihitaji kusubiri hilo kama damu, mkojo, eksirei na historia ya familia vinasema kitu kimoja.

Historia ya familia ndiyo sehemu ambayo sisi watu wa Kilimanjaro tunajichanganya wenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Jeni ya PHEX iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X moja na Y moja. Baba anampa binti X yake, na hana nyingine ya kumpa. Mwanawe wa kiume anampa Y. Kwa hiyo mwanamume mwenye XLH huwarithisha mabinti zake wote, bila kumruka hata mmoja, na hawarithishi kabisa wanawe wa kiume. Wavulana hao hawaubebi kwa siri wala hawataupeleka kwa wajukuu. Mwanamke mwenye ugonjwa hali yake ni tofauti: kila mimba, ya kike au ya kiume, ina nusu kwa nusu. Nusu hiyo inahesabiwa upya kila mara, kwa hiyo mwenye mtoto mmoja aliyeupata hana hakika kwamba anayefuata atasalimika.

Sasa liangalie hilo kwa macho ya ukoo. Tunahesabu ukoo kwa jina la baba. Wavulana wanabaki na jina, wanapewa kihamba, yaani shamba la ukoo, wanazika wazee. Mabinti wanaolewa Machame, Rombo, Uru, wengine Arusha. Mzee mwenye matege akizaa watoto wa kiume, wote wana miguu iliyonyooka, na wajukuu kupitia kwao wako salama. Ukoo unaona ugonjwa umekwisha. Kumbe umeondoka na mabinti, umeingia kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kuuona, na huko mtoto wa kwanza anapopinda miguu, mama mkwe anasema, "Kwetu hatuna miguu ya namna hii." Anasema kweli. Halafu lawama inamshukia mke, wakati naye alipewa na baba yake kabla hajajua hata kutamka jina lake, na baba alipewa na mwingine vilevile.

Nyumbani kwetu kaka zangu wamenyooka, mimi na dada yangu tumepinda. Wapo waliosema, tena mbele yetu, kwamba mama alikuwa akiwapa wavulana maziwa na nyama sisi tukabaki na ndizi. Mama alibeba maneno hayo miaka mingi. Alikuwa akitukalisha karibu yake wakati wa kula ili watu waone anatupakulia nini. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa baba mwenye XLH, mabinti kupata na wavulana kukosa ndiyo alama yenyewe ya ugonjwa, na kwamba mpangilio ule uliotumika kumhukumu ndio ungemwonyesha daktari mlango.

Desemba inafaa sana kwa kazi hii, watu wakipanda mlimani kwa ajili ya Krismasi na ukoo mzima ukiwa uwanjani. Chukua daftari, kaa na bibi na mashangazi, chora nani kamzaa nani. Uliza nani alikuwa mfupi kuliko ndugu zake, nani alitembea kwa kuyumba, nani aliota majipu ya fizi tangu utotoni, nani alishika mkongojo kabla ya uzee. Waulize hasa mashangazi walioolewa mbali na watoto wao, kwa sababu huko ndiko daftari la ukoo huwa halifiki. Na ukikuta hakuna yeyote kabla ya mtoto wako, usiufute ugonjwa kwa hilo: wapo watoto ambao hitilafu ya jeni imeanzia kwao, wazazi wote wawili wakiwa salama.

Nimetaja majipu ya fizi. Meno ya mwenye XLH kwa nje yanaweza kuwa meupe na mazuri, hayana hata tundu. Ndani yake ni dhaifu, chumba cha mshipa ni kikubwa, na bakteria hupita kwenye nyufa usizoziona. Mtoto anaamka shavu limevimba, daktari wa meno anatafuta tundu halioni. Kwenye eneo ambalo kila mtu anajua meno ya kahawia ni ya maji, hii ni tofauti inayosaidia sana: floraidi huonekana juu ya jino, XLH hujificha ndani. Na hakuna kinachomzuia mtoto wa Arumeru kuwa na yote mawili.

Dawa ambayo imetumika kwa miongo mingi ni fosfeti ya kunywa pamoja na vitamini D iliyokwisha kuamshwa, yaani kalsitrioli au alfakalsidoli. Hii si vitamini D ya kawaida ya dukani. Ile inahitaji figo ziiamshe, na figo zetu ndizo zilizozuiwa. Mbili hizo ni lazima ziende pamoja. Fosfeti ikitolewa peke yake hushtua tezi zilizoko shingoni zinazosimamia kalsiamu, zikaanza kufanya kazi kupita kiasi.

Ugumu wa fosfeti ni kwamba haikai mwilini. Ukiinywa inapanda, baada ya saa chache figo zimeshaimwaga. Kwa hiyo mtoto mdogo hupewa mara nne hadi sita kwa siku. Ina chumvi na uchungu, na dozi kubwa kwa mara moja huharisha. Nilikuwa naibeba shuleni kwenye chupa ndogo ya plastiki iliyofungwa nailoni isivujie madaftari, na mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyenipa ruhusa ya kutoka kuinywa na ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono. Ruhusa hiyo ilinifaa sana. Mtoto asiyekuwa nayo huacha dawa kimyakimya, kwa sababu anaogopa aibu ya darasani kuliko anavyoogopa miguu. Jambo jingine la kuangalia ni maziwa: kalsiamu iliyomo huishika fosfeti tumboni, basi dozi isipitishwe kwa kikombe cha maziwa wala mgando. Maziwa yanyweke, lakini kwa wakati wake.

Dawa hizi zinahitaji kufuatiliwa. Damu na mkojo hupimwa kila baada ya miezi michache, na figo huangaliwa kwa altrasaundi, kwa kuwa madini yanaweza kujikusanya humo. Fosfeti ya kunywa si dawa ya kukuta kila duka la dawa, na katika nchi nyingi wafamasia wa hospitali huichanganya wenyewe. Tangu 2018 kuna dawa nyingine huko Marekani na Ulaya, burosumab, kingamwili ya sindano inayoifunga homoni yenyewe ya FGF23. Watoto huchomwa kila baada ya wiki mbili. Inafanya kazi vizuri kuliko dawa za zamani, na bei yake ni kubwa mno kwa familia ya kawaida popote duniani. Naitaja ili mzazi akiisikia ajue ipo, na asidhani kwamba bila hiyo hakuna la kufanya.

Upasuaji ndio watu wengi huanza kuuliza. Upande huu tumejaliwa. Hospitali ya KCMC pale Moshi imekuwepo tangu 1971, na ndani yake kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutembelea, TATCOT, tangu 1981. Arusha kuna The Plaster House, iliyoanza 2008, ambako watoto wanaofanyiwa upasuaji wa miguu hukaa hadi wapone, wengi wao wakiwa wa matege ya floraidi. Mtoto akiwa bado anakua, daktari anaweza kuweka vyuma vidogo upande mmoja wa sehemu ya kukulia karibu na goti, upande wa pili ukaendelea kukua, mguu ukajinyoosha taratibu. Akishamaliza kukua, mfupa hukatwa na kupangwa upya. Lakini kwa mwenye XLH kuna sharti. Ukinyoosha mguu bila kurekebisha fosfeti, unakuwa umenyoosha mfupa uleule laini, nao una nafasi kubwa ya kupinda tena. Kwa hiyo mtoto anapopelekwa kwa daktari wa upasuaji, fosfeti yake ijulikane kabla ya kisu. Hilo pekee lingewaokoa watoto kadhaa na chumba cha upasuaji cha mara ya pili.

Ukubwani ugonjwa haukomi. Urefu umeshasimama, lakini mifupa inaendelea kuwa laini na kuota nyufa ndogo zinazouma, hasa mapajani na kwenye nyayo. Na kwa namna inayoshangaza, mahali ambapo kano hushikana na mfupa panaanza kuota mfupa usiotakiwa: visiginoni, nyongani, uti wa mgongo. Ndiyo maana baba alikuwa hawezi kugeuza shingo kuangalia nyuma akiwa bado mtu wa makamo. Wengine masikio hupungua kusikia.

Mwanamke mwenye XLH anaweza kubeba mimba. Nyonga ikiwa nyembamba, kliniki ijue mapema, ili upasuaji ukihitajika upangwe, usiwe wa dharura ya usiku. Mtoto atazaliwa amenyooka, na hapo ndipo familia hutulia mapema mno. Fosfeti yake inaweza kuonekana nzuri miezi ya mwanzo, hivyo kipimo kimoja kilicho safi baada ya kuzaliwa hakitoshi. Kinatakiwa kirudiwe mtoto akiwa na miezi michache, na tena kabla hajasimama, kwa viwango vya watoto wa umri wake. Kwa binti wa baba mwenye ugonjwa hakuna cha kubahatisha, anao. Kinachosubiriwa ni siku ya kuanza dawa tu, na waliozianza kabla ya kutimiza mwaka mmoja hukua warefu na wenye miguu iliyonyooka zaidi kuliko waliochelewa.